Ghala Lenye Mafiga: Kuielewa Nyumba ya Waifugao

Ukionyeshwa picha ya nyumba ya asili ya Waifugao, watu wa milima ya kaskazini mwa Ufilipino, utaona paa kwanza, na pengine hutaona kingine. Ni paa la nyasi, refu, lenye ncha juu, lililoshuka pande zote nne mpaka likazificha kuta, kama mzee aliyevuta kofia ikamfika kwenye nyusi. Chini yake imechomoza miguu minne ya mti, na mvunguni mna kuku, kuni, kinu, labda na mama aliyeketi anafuma. Dirisha hakuna. Ngazi huenda ukaiona, huenda usiione, inategemea picha ilipigwa saa ngapi.

Watalii wengi huandika chini ya picha kama hiyo neno moja tu: kibanda. Nasi tuliokua tukisikia kwamba nyumba ya nyasi ni ya kuanzia maisha na ya bati ni ya aliyefanikiwa, tunaitikia upesi. Hata mimi niliitikia, mpaka yaliponijia maswali ya kifundi. Kwa nini mtu anyanyue chumba chake kimoja mpaka usawa wa kichwa? Kwa nini asikiwekee hata dirisha? Na zile duara za mti, moja kwa kila nguzo, kama bangili kwenye kifundo cha mguu, ni pambo au zina kazi? Maswali hayo yote yanajibika kwa sentensi moja: Waifugao wanaishi ndani ya ghala lao.

Wenyewe huiita bale, na sehemu nyingine za mkoa hutamkwa fale au baley. Ifugao ni mkoa mdogo kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, katika milima ya Cordillera. Makao makuu yake ni Lagawe, lakini majina yanayojulikana zaidi duniani ni Banaue, Batad, Kiangan, Hungduan na Mayoyao, kwa sababu ya majaruba. Watu hawa wamechonga milima mizima kuwa ngazi za mpunga, jaruba juu ya jaruba, kingo zake zikishikiliwa na mawe au udongo, maji yakishushwa kwa mifereji kutoka msituni juu. Mwaka 1995 UNESCO iliyaingiza majaruba ya maeneo matano ya mkoa huo katika orodha ya Urithi wa Dunia: Batad na Bangaan zilizoko Banaue, Nagacadan iliyoko Kiangan, pamoja na Hungduan na Mayoyao. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi kidogo ya 207,000 katika mkoa wote. Kwa hiyo tunazungumzia jamii ndogo iliyofanya kazi kubwa mno.

Nyumba inaanzia kwenye mpunga. Ule wa asili wa huko huitwa tinawon, jina linalotokana na tawon, yaani mwaka. Huvunwa mara moja tu kwa mwaka, kwa kuwa milimani kuna baridi na mmea hukua polepole. Hauvunwi kwa kufyekwa. Mvunaji hukata suke moja moja pamoja na sehemu ya bua lake, kisha masuke hufungwa matita, hukaushwa na kupangwa ghalani yakiwa bado kwenye mabua. Mchele wa kula hutwangwa kidogo kidogo, wa siku hiyo au siku mbili hizi. Sasa fikiri maana yake. Familia ina chakula chake chote cha mwaka kimelala mahali pamoja, hakijapukuchuliwa, katika nchi yenye mvua nyingi, ukungu, tufani na panya. Likiharibika lile rundo, hakuna mavuno mengine ya kuwaokoa kabla mwaka haujazunguka.

Mtu mwenye tatizo hilo hataanza na chumba cha kulala. Ataanza na namna ya kuuweka mpunga juu, ukavu, na mbali na meno.

Mbali na meno ndipo zinapoingia zile duara. Huitwa halipan. Ni kipande cha gogo kilichochongwa kikawa mviringo, kikatobolewa katikati na kuvikwa nguzo karibu na kichwa chake, chini kidogo ya boriti. Panya akija usiku, nguzo anaipanda bila taabu. Mti uliochongwa kwa tezo una mikwaruzo ya kutosha kucha zake. Anapofika juu, kichwa kinagota kwenye kitu. Kipana kuliko nguzo, kimelainishwa, kimemfunika kama mwavuli. Ili apite inambidi aende chali, tumbo likitazama mbao na mgongo ukitazama ardhi, mpaka afike ukingoni, kisha ajipinde aushike ukingo na kujivuta juu. Panya ana ujuzi mwingi, ila huo hana. Bwana shamba wa kwetu akimwambia mkulima avishe bati miguu ya kihenge chake anafundisha somo lile lile, tofauti ni kwamba Waifugao walilimaliza kwa shoka.

Halipan peke yake haitoshi kama ngazi imeachwa imeegemea mlangoni, kwa hiyo usiku ngazi hupandishwa juu. Hapo mtu hutaja haraka zama za visasi, pale koo zilipowindana na kukata vichwa, mambo yaliyokoma kwa sehemu kubwa mapema katika karne ya 20 chini ya utawala wa Marekani. Ni kweli, ngazi iliyopandishwa ilimzuia adui pia. Lakini mimi naona panya ndiye aliyekuja kila usiku, adui alikuja siku mojamoja.

Tuipande ngazi hiyo tuone fundi alichofanya. Nguzo ni nne tu, za mti mgumu. Mti unaopendwa zaidi ni amugawan, ambao ni wa ukoo mmoja na mfudu wetu, ingawa mbao zake zinasifika kwa kutooza kuliko matunda ya mfudu yanavyosifika kwa utamu. Kichwa cha kila nguzo kimechongwa ulimi. Juu ya nguzo hulazwa boriti mbili nene zenye matundu ya kuumeza ulimi huo. Juu ya boriti hizo mbili, kwa kuzikatiza, hulazwa tatu nyingine, na juu ya hizo tatu ndipo panapokaa sakafu. Hakuna msumari. Kila kiungo ni ulimi na tundu, mkato na mkato, na pale panapotaka kukazwa hupigwa kigingi cha mti. Zamani fundi hakuwa na msumeno wala randa. Gogo lilipasuliwa kisha likachongwa kwa shoka na tezo mpaka likawa ubao. Ukipapasa ubao wa zamani unasikia mawimbi madogo madogo ya tezo chini ya kiganja, mstari baada ya mstari. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Chumba chenyewe ni cha mraba, upande mmoja ni mita 3 au 4 hivi. Kuta ni fupi na mara nyingi zimelala kidogo kwenda nje, na zimezungukwa na rafu pana ya mbao iitwayo patie, ambako huwekwa vyombo na vikapu. Kuta hazibebi kitu cha maana. Uzito wa paa hushuka kwa nguzo fupi za ndani zinazosimama juu ya boriti za sakafu, kwa hiyo mbao za ukuta zinaweza kuchomolewa na nyumba isitikisike. Nazo mbao za sakafu zimelazwa tu, hazikupigiliwa. Milango huwa miwili, wa mbele na wa nyuma, midogo. Mwanga unaoingia ni wa mlango, na wa moto.

Moto uko pembeni, ndani ya fremu ya mbao iliyojazwa udongo, na juu ya udongo mawe matatu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mafiga ni nini. Wala hahitaji kuelezwa kinachoning'inia juu yake, maana uchaga tunaujua: vichanja vya kukaushia kuni, nyama na chochote kinachotaka moshi. Tofauti ni kwamba hapa uchaga haukuishia jikoni. Paa lote ni uchaga. Ule uwazi mkubwa ulio juu ya vichwa vya watu, unaopanda mpaka kwenye ncha, ndimo matita ya mpunga yanamopangwa, na moshi wa mafiga hupenya humo kutwa kucha kabla ya kutokea kwenye nyasi. Bomba la kuutolea nje hakuna, na halitakiwi. Moshi huo hukausha mpunga, hufukuza wadudu, huzipaka boriti masizi hata zikang'aa kama lami, na hulinda nyasi za paa zisioze mapema.

Kwa hiyo kukosekana kwa dirisha si uzembe. Dirisha lingetoa moshi na kuingiza unyevu, na katika mabishano kati ya macho ya mwenye nyumba na mpunga wake, mpunga ulishinda. (Wageni wanaolala humo siku hizi, maana kule Batad na Bangaan bale kadhaa hupangishwa watalii, hupenda kulalamikia giza. Mlalamikaji hana mpunga wa mwaka mzima juu ya kitanda chake.)

Kama bado unasita kuiita ghala, kuna ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza umesimama palepale kijijini. Familia yenye mavuno mengi huwa na ghala kando, liitwalo alang, na alang ni bale iliyopunguzwa: nguzo nne, halipan nne, boriti mbili kisha tatu, paa lile lile lililoshushwa hadi chini. Kinachokosekana ni mafiga na nafasi ya watu. Fundi ni mmoja, mikato ni ile ile.

Ushahidi wa pili uko kwa majirani zao, Wabontok, walio upande wa kaskazini-magharibi katika milima hiyo hiyo. Nyumba ya Kibontok imekaa chini, kuta zake zimeanzia ardhini, na mgeni anayezilinganisha mbili hizi ataapa kwamba hazina undugu. Aingie ndani basi. Katikati ya nyumba, chini ya paa, atakuta sanduku la mbao lililosimama juu ya nguzo zake lenyewe: ghala la mpunga, limeinuliwa kama bale. Mbontok alizungushia kuta mvungu wa ghala akakaa chini yake, na Mifugao akapanda juu akakaa pamoja na mpunga. Kiini ni kimoja, tofauti ni ghorofa waliyochagua.

Mifugao alipopanda juu, mvungu ukabaki kuwa sebule. Huko ndiko mchana unakopita. Mchi na kinu viko huko, mwanamke hufunga kitanda chake cha kufumia kwenye nguzo na ncha ya pili akaizungusha mgongoni mwake, wageni hukaribishwa huko, watoto hucheza humo mvua inaponyesha. Paa limeshuka kiasi kwamba hata mvua ya upepo haiwafikii. Wenzetu wa nyumba za ghorofa hulipia sana kupata baraza kama hiyo.

Mvungu pia ndio unaotangaza mali. Waifugao walikuwa na matabaka, na tajiri mwenye majaruba ya kutosha kula mwaka mzima na kubakiza aliitwa kadangyan. Kuwa na mpunga hakukutosha. Ilimpasa aufanye uonekane, kwa karamu. Karamu kuu kuliko zote ilimpatia hagabi, benchi kubwa lililochongwa kutoka gogo moja, miisho yake ikifanana na vichwa vya wanyama. Gogo lilitafutwa msituni, likachongwa, kisha likaburutwa na kubebwa na kundi la wanaume kupanda na kushuka kingo za majaruba mpaka kwa mwenyewe, huku nguruwe wakichinjwa na pombe ya mchele ikimiminwa. Benchi likawekwa mvunguni au chini ya upenu, na hapo likabaki. Kila anayepita analiona. Kwenye kuta, chini ya kingo za paa, yalipangwa mafuvu ya nguruwe na ya nyati wa kufugwa waliochinjwa katika karamu za miaka iliyopita. Picha nyingi za mafuvu hayo husambaa na maelezo ya kutisha. Kwa mwenye nyumba yalikuwa daftari la hesabu: huyu tulimla kwenye harusi, yule kwenye maziko ya babu.

Maskini hakuwa na bale. Alikuwa na abong, kibanda kilichokaa chini au kuinuliwa kidogo tu, chenye kuta za matete au miti myepesi, bila halipan. Na kwa mantiki tuliyoifuata mpaka hapa, hilo linaeleweka. Halipan za nini kama juu hakuna matita ya kuliwa na panya? Ukimwona mtu anaishi katika bale umeshajua ana mpunga, kabla hujamuuliza.

Wakaaji wa chumba kile kimoja walikuwa wachache kuliko unavyodhani. Wazazi na watoto wadogo ndio waliolala humo. Wavulana na wasichana waliokua walikwenda kulala kwenye nyumba za vijana, ziitwazo agamang, mara nyingi nyumba iliyokuwa tupu au ya mjane. Hivyo swali ambalo kila mtu huuliza, watu wanane wanatoshaje katika mita nne, jibu lake ni kwamba hawakutakiwa kutosha.

Wafu, wao, hawakwenda mbali. Desturi ya zamani ilikuwa kumketisha maiti kwenye kiti cha mazishi mvunguni mwa nyumba, siku kadhaa, watu wakija kukesha naye. Na baada ya miaka, kwa sababu ya ugonjwa au ndoto au bahati mbaya iliyoikumba familia, mifupa ilitolewa kaburini, ikasafishwa, ikafungwa upya katika blanketi la kufumwa na kukalishwa nyumbani kwa sherehe iitwayo bogwa. Bogwa hufanyika hata leo. Baada yake mifupa hurudishwa kaburini, au hubaki kwenye kifurushi chake chini ya sakafu ya nyumba. Mpunga juu, walio hai katikati, wazee chini. Sijui kama kuna jengo jingine la ukubwa ule lenye ghorofa tatu za namna hiyo.

Juu, kwenye mpunga, kulikuwa na walinzi pia. Hao ni bulul, sanamu za mti, mara nyingi jozi ya mume na mke, wameketi wamekumbatia magoti au wamesimama mikono ikiwa magotini. Huchongwa hasa kwa mti wa narra, ambao ni binamu wa mninga. Wote wawili ni wa jenasi moja, na fundi seremala wa Tabora akiushika angeutambua kwa rangi. Sanamu ikitoka kwa mchongaji bado ni mti tu. Huwa bulul baada ya mumbaki, kuhani wa jadi, kuisomea maneno, kuipaka damu ya nguruwe na kuimwagia pombe ya mchele, na kuchungulia nyongo ya mnyama aliyechinjwa kuona kama mambo yamekubalika. Ndipo huingizwa ghalani, ikalinde mpunga usiibwe na usiishe haraka. Rangi nyeusi inayong'aa ambayo wakusanyaji wa sanaa wa Ulaya na Marekani huisifia kwenye bulul za kale ni damu, mafuta na moshi wa miaka mingi. Bei zilipopanda, bulul wengi walitoka ghalani usiku bila kuaga.

Mbao za kazi yote hii zilitoka wapi? Juu ya majaruba kila familia hutunza kipande chake cha msitu, kiitwacho muyong. Muyong hushika maji yanayoshuka kwenye majaruba, hutoa kuni, rattani ya kusukia, dawa, matunda, na miti ya kujengea. Mzee huona mche wa amugawan akajua ni nguzo ya nyumba ya mjukuu. Serikali ya Ufilipino ilipokaza sheria za kukata miti, utaratibu huo uligongana nazo, kwani mtu alionekana mhalifu kwa kukata mti alioupanda babu yake. Mwaka 1996 idara ya mazingira ilikubali kuweka kibali maalumu kwa ajili ya muyong.

Nyumba isiyo na misumari ina tabia nyingine ambayo huwachanganya waliozoea kwamba nyumba ni mali isiyohamishika. Bale huhamishwa. Paa huezuliwa, makombamoyo yakashushwa, kuta zikachomolewa, sakafu ikainuliwa, boriti zikang'olewa kwenye ndimi zao, na wanaume wakabeba vipande kwa mabega hadi kiwanja kipya na kuviunga upya. Roy Franklin Barton, Mmarekani aliyefundisha shule huko Ifugao mwanzoni mwa karne ya 20 na kuchunguza sheria za wenyeji, alieleza kwamba majaruba, misitu na vitu vya thamani vya urithi, kama vile gongo za kupigwa ngomani na mitungi, vilihesabiwa kuwa mali ya ukoo ambayo aliyenayo ni mtunzaji tu. Nyumba ilikuwa katika kundi la mali ya mtu binafsi. Hilo linatushangaza sisi tunaojenga kwanza na kununua shamba baadaye. Kwao ardhi yenye maji ndiyo ukoo, nyumba ni chombo chake, kikubwa tu kuliko vyungu.

Uhamishikaji huo ndio umeziokoa nyumba nyingi na ndio umeziondoa. Miaka ya 1990 kikundi cha wasanii, akiwemo mchoraji Benedicto Cabrera, kilinunua nyumba za Waifugao na za Wakalinga, watu wengine wa Cordillera, zilizokuwa zikiachwa, kikazihamishia mjini Baguio na kuanzisha kijiji cha sanaa cha Tam-awan. Nyingine zimenunuliwa na wenye mahoteli na matajiri wa mabondeni wanaotaka kibanda bustanini. Zimesimama vizuri, zinapigwa picha, na kwa kuwa hazina moto ndani, nyasi zake huoza upesi.

Hapa nitoe dukuduku moja. Utasoma mahali pengi kwamba nyumba hizi, au majaruba yanayozizunguka, zina umri wa miaka 2,000 au hata 3,000. Makadirio hayo yalienezwa na Mmarekani Henry Otley Beyer katika karne ya 20, yakaingia vitabuni, yakawa ukweli wa kila mtu. Uchimbaji wa karibuni huko Kiangan, ulioongozwa na mwanaakiolojia Stephen Acabado, umeonyesha kitu kingine: kwamba magimbi ndiyo yaliyotangulia katika maeneo hayo, na mpunga wa majaruba ulishamiri miaka 400 hivi iliyopita, wakati Wahispania walipokuwa wakisukuma watu wa mabondeni wakimbilie milimani. Wapo Waifugao waliokasirika kusikia hivyo, kana kwamba wamepunguziwa heshima. Mimi naona heshima imeongezeka. Kugeuza milima kuwa majaruba ndani ya vizazi vichache, huku mkikataa kutawaliwa na Mhispania, ni habari kubwa kuliko kuwa wa zamani tu.

Umri wa majaruba ni jambo moja, na wazo la ghala la miguu ni jingine, kwani hilo limetembea mbali kuliko Ifugao. Neno bale ni ndugu wa bahay ya Kitagalog, balai ya Kimalay, fale ya Kisamoa na hale ya Kihawaii, yote yakiwa ya familia ya lugha za Kiaustronesia, ambayo upande wetu inaishia Bukini, yaani Madagaska. Na huko Bukini, kwa Wazafimaniry wa nyanda za juu, utakuta nyumba za mbao zilizoungwa kwa ulimi na tundu bila msumari, na kisiwani humo yapo maghala ya miguu yaliyovishwa duara za mti kuzuia panya. Ni ng'ambo ya maji yetu tu.

Siku hizi ukipanda Banaue unachoona zaidi ni bati. Nyasi ndefu za kuezekea, kogoni, zimepungua karibu na vijiji, na kuezeka kunataka watu wengi kwa siku moja, wakati vijana wamekwenda Baguio na Manila au ng'ambo. Bati hupigiliwa na watu wawili asubuhi moja. Mara nyingi huwekwa juu ya bale ile ile, juu ya mbao zile zile za tezo, na sura inabaki kama ya mtu aliyevaa kanzu na kofia ya bodaboda. Siwacheki. Anayesema wabaki na nyasi aje yeye kuziezeka kila zinapooza. Ila bati limebadilisha zaidi ya sura. Halinywi moshi wala kuupitisha polepole kama nyasi, hupiga joto jua linapotoka, na usiku wa baridi hutoa jasho kwa ndani, matone yakidondoka mahali ambapo matita yalikuwa yakilala makavu.

Mwaka 2001 UNESCO iliyaweka majaruba yale katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa imeachwa bila kulimwa, yakatolewa humo mwaka 2012 baada ya kazi ya ukarabati na usimamizi. Kulinda majaruba kuna fedha na mikutano. Kulinda nyumba ni kugumu zaidi, maana mwenye nyumba anataka choo ndani, umeme, chumba cha kila mtoto na dirisha la kumwona mgeni anapokuja, na hakuna anayeweza kumwambia kwa uso mkavu kwamba hastahili.

Kwa hiyo familia nyingine zimefanya jambo ambalo, ukifikiri, linafuata mantiki ya bale yenyewe. Wamejenga nyumba ya matofali ya saruji barabarani, yenye madirisha ya vioo na runinga. Ile ya zamani wameiacha nyuma, nguzo nne na halipan zake nne. Mafiga yamezimwa, mkeka umeondolewa, watu wametoka. Ngazi ikisimikwa ni kwa ajili ya kupandisha matita tu, kisha hushushwa na kuegemezwa ukutani mwa nyumba mpya.